Aliishi Indiana, Akakatwa Kentucky: Uchambuzi wa Kisa cha Kodi ya Jimbo

Jina la mhusika, mtaa wake na kampuni yake nimeviondoa, na mshahara nimeuzungusha ili hesabu ifuatike bila kumtambulisha mtu. Mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Nitamwita Ndugu M., herufi isiyo ya jina lake. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuwasaidia wazungumzaji wa Kiswahili kusoma barua na kujaza fomu, na hesabu zote zilipitiwa na mhasibu mwenye leseni.

## Usuli

Mto Ohio ndio mpaka. Kusini kuna Louisville, jiji kubwa kuliko yote Kentucky. Ng'ambo, upande wa Indiana, kuna Jeffersonville, Clarksville na New Albany. Kwa anayeishi huku ni jiji moja lenye mto katikati. Watu wetu huhama upande huu kwenda ule kufuata pango nafuu au ndugu, na asubuhi wanarudi kazini kama mtu wa Kigamboni anavyovuka kwenda mjini. Tofauti ni kwamba hapa ukishavuka daraja umeingia jimbo jingine, na jimbo lina sheria yake ya kodi.

Ndugu M. alitoka Kivu Kusini. Ana miaka thelathini na ushee, hana mke wala watoto huku, na anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo Louisville. Mwaka 2024 alilipwa dola 46,000. Hadi mwisho wa 2023 aliishi Louisville. Jumamosi ya tarehe 30 Desemba 2023 alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya kupanga katika kaunti ya Clark, Indiana, na usiku uleule akalala huko. Kazini aliendelea kwenda kwa daraja la Second Street, kwa sababu halina tozo.

Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya wafanyakazi akawapa anwani mpya, nao wakaiingiza kwenye mfumo. Yeye akajua amemaliza.

## Sheria ilisema nini

Naomba msomaji avumilie sehemu hii, maana kisa chote kinakaa juu yake.

Kwa kawaida Marekani, mshahara unatozwa kodi na jimbo ulikofanyia kazi. Jimbo unakoishi nalo linautoza, lakini linakupunguzia kodi uliyodaiwa kule, usilipe mara mbili. Majimbo kadhaa yanayopakana au kukaribiana yamekubaliana kuachana na mzunguko huo: mfanyakazi analipia kodi ya mshahara jimbo analoishi tu, hata kama kazi yake iko jimbo la pili. Kentucky ina makubaliano hayo na majimbo saba: Illinois, Indiana, Michigan, Ohio, Virginia, West Virginia na Wisconsin. Kwa hiyo mkazi wa Indiana anayefanya kazi Louisville hadaiwi na Kentucky hata senti moja ya kodi ya jimbo kwa mshahara wake.

Mwajiri, hata hivyo, hawezi kubahatisha. Mfanyakazi hana budi kumpa fomu K-4 ya Kentucky na kuonyesha humo kwamba anaishi kwenye jimbo la makubaliano. Bila fomu hiyo mkononi, mwajiri analazimika kuendelea kukata kodi ya Kentucky. Anwani iliyobadilishwa kwenye mfumo haitoshi.

Kuna tabaka la pili, ambalo wengi hawalioni. Makubaliano yale yanahusu kodi ya jimbo peke yake, hayagusi ya mji. Louisville inatoza mishahara inayopatikana ndani ya mipaka yake: asilimia 2.2 kwa mkazi, asilimia 1.45 kwa asiye mkazi. Tofauti ya asilimia 0.75 ni fungu la shule, ambalo asiye mkazi halipi. Upande wa pili, kila kaunti ya Indiana ina kodi yake juu ya ile ya jimbo, na unadaiwa kwa kaunti ulikokuwa ukiishi tarehe 1 Januari ya mwaka husika. Mwaka 2024 kaunti ya Clark ilitoza asilimia 2. Hapo Indiana inatoa nafuu: kodi ya mji uliyodaiwa nje ya Indiana inapunguzwa kwenye kodi yako ya kaunti.

Ndugu M. alihama siku mbili kabla ya tarehe hiyo ya Januari. Angechukua ufunguo tarehe 2, kaunti ya Clark isingemdai chochote kwa mwaka 2024.

## Karatasi ya W-2

Ukitaka kuona kosa kwa macho yako, tazama W-2 aliyopewa Januari 2025, yaani karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Upande wa kushoto, chini ya jina lake, kuna anwani ya Indiana, imeandikwa sawasawa hadi namba ya mlango. Shuka chini kabisa. Kisanduku cha 15: KY. Cha 16: 46,000.00. Cha 17, kodi ya jimbo iliyokatwa: 1,713.60. Kisha visanduku vya mji: cha 18, 46,000.00, cha 19, 1,012.00, cha 20, Louisville.

Karatasi moja inasema mtu huyu anaishi Indiana, na karatasi hiyohiyo inasema amekatwa kodi kama mkazi wa Louisville. Ile 1,012 ni asilimia 2.2 kamili ya mshahara. Indiana haikutajwa popote isipokuwa kwenye anwani.

## Mambo yalivyokwenda

Februari 2025 Ndugu M. aliipeleka W-2 kwa mtayarishaji wa kodi wa kulipwa. Ritani ya serikali kuu, yaani fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka, ilitoka safi. Kwa jimbo, mtayarishaji alijaza ritani ya Indiana peke yake. Alipata kodi ya jimbo dola 1,281 (asilimia 3.05 ya 42,000, baada ya kutoa dola 3,000 za mpangaji na dola 1,000 za msamaha wa mtu mmoja), na kodi ya kaunti dola 840. Kisha akachukua makato ya Kentucky akayaombea nafuu kama kodi iliyolipwa jimbo jingine. Nafuu hiyo ikaifuta ile 1,281 yote. Ikabaki 840 ya kaunti, Ndugu M. akailipa kabla ya tarehe 15 Aprili. Kentucky haikupelekewa fomu yoyote, na makato ya mji hayakuguswa.

Julai ikaja barua kutoka idara ya mapato ya Indiana. Nafuu imekataliwa, kwa kuwa Kentucky ni jimbo la makubaliano na mshahara wake hauombewi nafuu hiyo. Alipe dola 1,281, pamoja na adhabu na riba.

Alinipigia simu akasema ana barua ya kodi na anaogopa. Nikadhani ni mwenye nyumba, maana kwa Kiswahili pango nalo tunaliita kodi, nikamuuliza amechelewesha miezi mingapi. Kimya. Halafu akasema, "Hapana dada, ni serikali." Jumapili alikuja na barua imekunjwa mara nne ndani ya pochi, pamoja na kadi yake ya kijani. Aliifungua mezani, akaninyooshea kidole kwenye jumla. "Dada, banataka franga tena?"

Hofu yake haikuwa pesa tu. Alikuwa anajiandaa kuomba uraia, na fomu ya kuomba uraia inauliza kama unadaiwa kodi yoyote iliyochelewa, iwe ya serikali kuu, ya jimbo au ya mji. Alitaka kulipa siku ileile ili jina lake liwe safi. Alikuwa na dola 1,500 za akiba, na alikuwa tayari kuzitoa zote.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolipa siku hiyo, na ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Mtu aliyekimbia vita hazoeshwi kubishana na barua ya serikali. Sikumwambia barua ina makosa, kwa sababu haikuwa nayo. Indiana ilikataa kitu kilichostahili kukataliwa. Nilimwambia barua inasema kweli kuhusu nafuu iliyoombwa vibaya, lakini haijui habari ya nafuu aliyostahili na hakuombewa, wala haijui kwamba Kentucky inashikilia pesa zake. Barua ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kujibu. Tuliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni kwake, tukaanza hesabu.

Mhasibu alituwekea jambo lote kwa maneno machache: makato ni amana. Mwajiri anapokata, anaweka pesa zako kwa mtu kusubiri ijulikane unadaiwa nini na nani. Kama amana imewekwa kwa asiyekudai, huwezi kumwambia anayekudai akamalizane na yule. Unakwenda mwenyewe kwa aliyeishika, unachukua chako. Unayedaiwa naye unamlipa.

Kwa hiyo kulikuwa na milango mitatu ya kubisha, na mpangilio wake ulikuwa na maana.

Kentucky ilikuwa na dola 1,713.60, na haikustahili chochote. Fomu ya kudai ni 740-NP-R, iliyotengenezwa mahsusi kwa wakazi wa majimbo ya makubaliano waliokatwa kodi ya Kentucky kwenye mshahara. Ni fupi. Inataka jimbo unaloishi, makato yaliyo kwenye W-2, na iwe mapato yako ya Kentucky ni mshahara tu. Ndugu M. hakuwa na biashara wala nyumba ya kupangisha Kentucky, hivyo alifaa.

Louisville ilikuwa na dola 1,012. Kwa asiye mkazi inadai asilimia 1.45 ya 46,000, yaani 667. Ile 345 iliyozidi ni fungu la shule ambalo hakudaiwa. Maombi ya kurudishiwa yanakwenda Louisville Metro Revenue Commission, mbali na idara ya kodi ya jimbo. Hizi ni ofisi mbili tofauti, na karatasi ya huku haifiki kule.

Indiana ilistahili kodi kamili: 1,281 ya jimbo na 840 ya kaunti, jumla 2,121. Lakini kwenye ile 840 ya kaunti kulikuwa na nafuu ya kodi ya mji aliyodaiwa Louisville. Hapa tulisimama kidogo. W-2 inasema alikatwa 1,012. Tungeweka 1,012, nafuu ingeifuta 840 yote, kaunti ikabaki sifuri. Ndugu M. mwenyewe aliuliza kwa nini tusifanye hivyo. Mhasibu alikataa, kwa sababu lingekuwa kosa lilelile la mtayarishaji wa kwanza likirudi kwa mlango wa nyuma: kuombea nafuu pesa iliyokatwa badala ya kodi iliyodaiwa. Alidaiwa 667, na nafuu ni 667. Zile 345 anaziomba kwa aliyezishika. Basi kaunti ikabaki 173, na jumla ya Indiana ikawa 1,454. Kwa kuwa alishalipa 840 mwezi Aprili, alibakiza 614.

Barua ilitaka 1,281. Deni la kweli lilikuwa 614, pamoja na riba na adhabu juu ya hiyo 614.

Uamuzi wa pili ulikuwa kulipa hiyo 614 mara moja, pamoja na kuwasilisha ritani ya Indiana iliyorekebishwa, bila kungoja pesa za Kentucky. Ndugu M. alipendelea kungoja, na nilimwelewa: unalipaje jimbo moja wakati jingine lina pesa zako nyingi kuliko hizo? Lakini majimbo hayasuluhishani yenyewe kwa yenyewe. Riba ya Indiana inahesabu siku bila kujali Kentucky imefikia wapi. Alikuwa na akiba, basi tuliitumia. Asingekuwa nayo, tungeomba mpango wa kulipa kwa awamu.

Uamuzi wa tatu ulihusu mwajiri. Ndugu M. alitaka kampuni imtolee W-2 iliyosahihishwa, na ofisi ya wafanyakazi ilikataa. Mwanzoni niliona ni ukaidi. Mhasibu alinionyesha kwamba walikuwa sawa: W-2 inaeleza kilichotokea, na kilichotokea ni kwamba pesa zilikatwa na kupelekwa Kentucky. Kuandika vinginevyo kungekuwa uongo, na kungemharibia madai, maana kisanduku cha 17 ndicho ushahidi kwamba Kentucky imezipokea. Tuliomba kitu kingine: barua ya kampuni inayosema mfanyakazi huyu amekuwa na anwani ya Indiana tangu Januari 2024. Hiyo waliitoa baada ya siku nne.

## Ushahidi tuliokusanya

Mkataba wa pango wenye tarehe 30 Desemba 2023. Bili za umeme za Januari na Februari 2024. Leseni ya udereva ya Indiana, ambayo bahati mbaya aliipata Mei 2024, na hivyo peke yake ingeacha miezi minne wazi. Barua ya kampuni. W-2. Nakala ya ritani ya Indiana.

Mkataba nimeutaja kwanza kwa sababu ndio uliofunga hoja ya tarehe. Ndugu M. alikuwa nao kwa sababu tu hatupi karatasi. Wengi wetu mkataba tunausaini kwa kidole kwenye simu, tukibadilisha simu umepotea.

## Matokeo

Indiana ilipokea marekebisho na malipo. Deni lilifungwa kwa 614 pamoja na riba na adhabu iliyokuja dola mia na ushee. Adhabu hiyo haikuwa na pa kukwepa, kwa kuwa mwaka mzima wa 2024 Indiana haikupokea chochote, si kwa makato wala kwa malipo ya awamu, na anayebakiwa na deni la dola 1,000 au zaidi anatakiwa kulipa kwa awamu ndani ya mwaka.

Kentucky ilirudisha 1,713.60. Ilichelewa kwa kosa letu: bahasha ya kwanza tuliituma bila nakala ya W-2. Nilikuwa nimeitoa kwenda kuipiga picha kwa ajili ya madai ya Louisville, sikuirudisha. Ikaja barua ya kuidai, tukatuma, na wiki kadhaa zikapotea bure.

Louisville ilirudisha 345, baada ya kuona mkataba na barua ya kampuni.

Ukijumlisha, kabla ya barua ya Julai alikuwa ametoa 3,566: Kentucky 1,714, Louisville 1,012, Indiana 840. Angelipa barua ile na kunyamaza angefika 4,847 kwa mwaka ambao kodi yake halali, ya jimbo, kaunti na mji pamoja, ilikuwa 2,121. Dola 2,726 zingepotea, na hakuna ofisi ambayo ingemtafuta kumrudishia. Nauli ya ndege ya kwenda kumwona mama yake ilikuwa humo.

Januari iliyofuata Kentucky ilimtumia 1099-G inayoonyesha pesa alizorudishiwa. Aliiona akashtuka upya, akidhani ni mapato mapya yatakayotozwa. Hayakuwa. Kwenye ritani yake ya serikali kuu ya 2024 alitumia punguzo la kawaida la dola 14,600, hakuorodhesha matumizi wala kudai kodi za majimbo, hivyo kurudishiwa hakumwongezei mapato.

## Uchambuzi: kilichofeli

Kosa la kwanza ni la lugha kuliko la kodi. Ndugu M. aliambia ofisi "nimehama", ofisi ikasikia "barua zangu zitumwe kwingine". Hakuna aliyemwambia kuna K-4, na yeye hakujua kuuliza. Sheria inamwachia mfanyakazi jukumu la kuleta fomu. Hilo halimlaumu mtu, lakini mahali ambapo robo ya wafanyakazi wa zamu hawasomi Kiingereza vizuri, karatasi moja ukutani ingezuia yote haya: ukivuka mto, njoo uchukue fomu.

Kosa la mtayarishaji linaeleweka ukijua limetoka wapi. Kansas na Missouri hazina makubaliano. Mtu anayeishi Kansas City upande wa Kansas na kufanya kazi upande wa Missouri kweli anadaiwa na Missouri, anajaza ritani ya asiye mkazi kule, kisha Kansas inampa nafuu. Kwake njia ya mtayarishaji ingekuwa sahihi kabisa. Ndiyo njia ya kawaida nchini, na mtu aliyeizoea anaitumia hata pasipofaa. Swali lililorukwa ni lile la mwanzo: majimbo haya mawili yana makubaliano au hayana? Na mpaka mwingine wa Kentucky una jibu la tatu. Tennessee haina kodi ya mshahara wala haimo kwenye orodha ya Kentucky. Mkazi wa Tennessee anayefanya kazi Kentucky anadaiwa na Kentucky, na fomu 740-NP-R haimhusu. Kwa hiyo asije mtu wa Clarksville ya Tennessee akasoma kisa hiki akadhani ni chake kwa sababu ya jina la mji.

Dalili nyingine ilikuwepo ambayo yeyote angeweza kuiona bila kujua sheria. Makato ya Kentucky yalikuwa makubwa kuliko kodi ya jimbo ya Indiana kwa zaidi ya dola 400, na nafuu haiwezi kuzidi kodi ya jimbo lako. Kwa njia ile, dola zaidi ya 400 zilikuwa zinapotea hata kabla Indiana haijaikataa. Ritani yenye pesa zinazopotea bila maelezo inastahili kusimamishwa na kuulizwa.

Na kuna kosa letu, ambalo linaniuma zaidi ya bahasha ile. Tulishughulikia 2024 kwa bidii, tukasahau kwamba 2025 ilikuwa inaendelea. Ndugu M. alikuja Julai. Tulizungumzia mkataba, bili, barua, kila kitu cha mwaka uliopita, na kila Ijumaa mbili mshahara ulitoka na kodi ya Kentucky imekatwa juu kwa juu. Nilikuja kuuliza hati ya malipo ya wiki hiyo mwishoni mwa Septemba. Ilikuwa palepale: KY. Kila mtu anayekuja na barua ya mwaka uliopita sasa namwomba kwanza hati yake ya mwisho ya malipo, kabla hata ya kufungua barua.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kutenganisha ofisi tatu kulisaidia kuliko hila yoyote. Tulipochora mezani mto, huku Kentucky na Louisville, kule Indiana na Clark, na kuandika kila moja inashika kiasi gani na inadai kiasi gani, Ndugu M. alianza kutuuliza maswali badala ya kutikisa kichwa tu. Ni yeye aliyegundua kwamba 1,012 ni asilimia 2.2. Alikuwa amepiga hesabu kwenye simu wakati mimi bado natafuta kanuni.

Kumkatalia mtu kulipa haraka nako kulifaa, ingawa sikuwa na raha nako. Ningekuwa nimekosea, yeye ndiye angelipa riba. Ndiyo sababu hatukukaa na barua zaidi ya siku tisa.

Kuhusu 2025, Oktoba aliwasilisha fomu mbili na ombi moja kwa wakati mmoja: K-4 ya kusimamisha Kentucky, WH-4 ya kuanzisha Indiana na kaunti ya Clark, na ombi la maandishi kwamba makato ya Louisville yashuke hadi asilimia 1.45. Mwajiri mwenye kazi Kentucky peke yake hana lazima ya kukata kodi ya Indiana. Wa kwake ana tawi ng'ambo na amesajiliwa huko, hivyo alikubali. Kwenye WH-4 kuna mistari ya kuomba kukatwa zaidi kwa jimbo na kwa kaunti. Aliijaza ili miezi mitatu iliyobaki ifidie sehemu ya ile tisa iliyopita bure. Miezi miwili mshahara ulipungua kwa namna aliyoihisi sokoni, lakini aliipenda kuliko kukumbuka mwenyewe tarehe za kulipa awamu.

Februari 2026 alikuja na W-2 mpya ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mkataba wa pango uliohuishwa. Safari hii chini kulikuwa na mistari miwili, KY na IN. Kisanduku cha 17 kwenye mstari wa KY alikuwa amekizungushia kalamu nyekundu, na pembeni ameandika kwa mkono wake: 740-NP-R.